Umejuaje? Swali nililolikuta Sheffield, na bibi alikuwa nalo Kalenga

Insha yangu ya kwanza hapa Uingereza ilirudi na alama 47. Kwa shahada ya uzamili huku, chini ya 50 umefeli. Nilikuwa nimeandika juu ya Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, mada ambayo niliamini hakuna mtu Sheffield nzima wa kunifundisha, maana mimi ni mtoto wa Iringa na nimelelewa na bibi yangu Kalenga kwenyewe, palipokuwa na boma lake. Pembeni ya sentensi yangu, "Mkwawa alijiua tarehe 19 Julai 1898 ili asikamatwe na Wajerumani", mhadhiri alikuwa ameandika swali ambalo kwa Kiswahili ni neno moja tu: Umejuaje?

Niliumia. Nilikaa na ile karatasi kwenye basi hadi nikapitiliza kituo. Nimejuaje? Kila mtoto wa Iringa anajua! Mtu akiniuliza nimejuaje kwamba Mkwawa alijiua, ni kama ananiuliza nimejuaje jina la ukoo wangu.

Nilichukua wiki kadhaa kukubali kwamba sikuwa na jibu. Nililijua jambo lile kwa sababu liliandikwa ubaoni. Shuleni kwetu mwalimu alimpa chaki mwanafunzi mwenye mwandiko mzuri, naye akajaza ubao kutoka kwenye daftari la mwalimu, sisi tukanakili kwenye kaunta buku mpaka vidole vikafa ganzi, hasa Juni na Julai, baridi ya kule mnaijua. Mtihani ulipofika tulirudisha yaleyale: utangulizi unaofafanua neno la kwenye swali, pointi sita, kila pointi na mfano wake, kisha hitimisho. Nilikuwa hodari sana wa kazi hiyo. Nilipiga msuli, nikameza madesa, nikafaulu, na siwalaumu walimu wangu waliokuwa na darasa la watu zaidi ya 70 na silabasi ya kumaliza kabla ya Septemba.

Lakini sasa naona kilichokuwa kinatendeka. Nyumbani niliandika kwa ajili ya mtu ambaye jibu analo tayari mkononi. Msahihishaji ana orodha yake, anatafuta pointi zake ndani ya karatasi yangu, akizikuta anatia vema. Mtu wa namna hiyo huna haja ya kumshawishi, na ukijaribu kumshawishi unapoteza muda wa mtihani. Huku nimetakiwa kumwandikia mtu ambaye hajui nitasema nini, na ambaye hataniamini mpaka nimwonyeshe nilikopita. Ukiniuliza tofauti kubwa kati ya elimu ya kule na ya huku, sitakutajia maktaba wala kompyuta. Nitakutajia huyo msomaji.

Basi nikarudi kutafuta nimejuaje. Taarifa ya Kijerumani ya siku ile inatoka kwa sajini aliyeitwa Merkl, aliyekuwa akimsaka Mkwawa porini na kikosi chake. Kichwa cha Mkwawa kilikuwa kimetangaziwa zawadi ya rupia 5,000. Nilipoisoma habari hiyo nikiwa na lile swali kichwani, nilisimama. Kumbe sentensi niliyoinakili nikiwa kidato cha pili ilikuwa na mwenyewe, na huyo mwenyewe alikuwa askari wa upande wa pili, kwenye msako wenye zawadi. Haimaanishi alidanganya. Wazee wetu nao wanasema Mtwa alijipiga risasi mwenyewe. Ila sasa nina mashahidi wawili ambao hawakuwa marafiki, na wanakubaliana. Hiyo ni hoja. Ile ya mwanzo ilikuwa habari tu.

Insha ya pili nilikosea kwa upande mwingine. Kwa woga wa kuulizwa tena, kila sentensi niliitafutia mtu wa kuisema. Fulani anasema hivi, fulani anaongeza vile, nukuu juu ya nukuu mpaka ukurasa ukawa kama shuka la viraka. Nilipata 56. Safari hii maoni yalikuwa: "Na wewe uko wapi?" Hili liliniuma kuliko lile la kwanza, kwa sababu lilikuwa kweli. Nilikuwa nimejificha nyuma ya wakubwa.

Watu wengi wa nyumbani ninaozungumza nao huku wanasema tatizo letu ni heshima: tumelelewa kuamkia, hatuwezi kumpinga mkubwa, ndiyo maana hatuwezi kuandika hoja. Siukubali kabisa msemo huo, na ningependa tuuache. Nimeketi kwenye vikao vya ukoo. Nimeona kijana anasimama, "Shikamoo baba mkubwa, naomba mniwie radhi, mimi naliona hili kwa namna nyingine", kisha anataja mpaka wa shamba ulivyokuwa, nani alikuwepo mwaka ule ulipowekwa, na kwa nini aliyosema baba mkubwa hayawezi kuwa yote. Baba mkubwa anasikiliza, pengine anakasirika kidogo, pengine anakubali. Kijana huyo ametaja kauli ya mwenzake bila kuipotosha, ameleta ushahidi, ameweka msimamo wake. Nimelipa ada ya pauni kwa maelfu kufundishwa kufanya hivyohivyo kwenye karatasi.

Na bibi yangu! Bibi hajawahi kunisimulia jambo la zamani bila kuanza na njia lililopita. "Haya niliyasikia kwa mama mkwe wangu, naye aliambiwa na shangazi yake, ila huyo shangazi siku hiyo hakuwa Kalenga, alikuwa Tosamaganga, kwa hiyo ya ndani ya boma hakuyaona kwa macho." Hapo ametaja chanzo, ametaja chanzo cha chanzo, na amekwambia udhaifu wake ulipo. Nilisikia maneno hayo utoto wangu wote, kisha nikaenda shule, na shule ikanifundisha kuandika "inasemekana kwamba".

Kwa hiyo ninapoona wenzangu wakiandika kwamba wazungu wametuzidi kwa fikra za kuhoji, nakataa. Kuhoji kulikuwepo nyumbani kwetu. Kulisimamishwa mlangoni mwa darasa, tena mara mbili: mara ya kwanza na ubao wa kunakili, mara ya pili na lugha, pale mtoto aliyesoma miaka saba kwa Kiswahili anapoingia kidato cha kwanza na kutakiwa kufikiri kwa Kiingereza kuanzia Jumatatu. Mtu asiyekuwa na maneno yake mwenyewe atafanya nini zaidi ya kunakili? Tunamwita mwizi wa kitaaluma wakati tulimnyima cha kwake tangu ana miaka 14. Mimi hadi leo rasimu ya kwanza naiandika kwa Kiswahili. Hoja ikisimama kwa Kiswahili, naivusha. Isiposimama, najua kwamba Kiingereza kingenifichia tu ubovu wake.

Kuna jambo moja ambalo nyumbani ni bora, na nalisema bila kusita: diskasheni. Kule tulikaa watu wanane chini ya mti, mmoja anaeleza, mwingine anambishia, hata wa mwisho darasani anapata pa kushika. Huku kila mtu anaandika peke yake na vipokea sauti masikioni, rasimu anaificha kama siri ya benki. Kazi yangu ya tatu, iliyopata 68, niliiandika baada ya kuwashawishi Mnigeria mmoja na dada wa Nepal tusomeane kwa sauti kila Alhamisi. Wao ndio walionionyesha aya ambayo nilidai jambo bila kulithibitisha.

Tasnifu yangu sasa ni ya fuvu la Mkwawa, lile lililochukuliwa na Wajerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ilikabidhi kwa serikali ya Uingereza ndani ya miezi sita. Lilirudi Kalenga tarehe 19 Juni 1954, baada ya Edward Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, kulichagua kati ya mafuvu yaliyokuwa kwenye makumbusho ya Bremen kwa kulinganisha vipimo na vya ndugu wa Mkwawa. Nimelitazama fuvu hilo ndani ya kioo tangu nikiwa mdogo, na sikuwahi kuuliza Twining alijuaje kwamba ndilo.

Mwezi uliopita mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, yuko kidato cha tano, alinitumia picha ya insha yake. Aya ya pili: Mkwawa alijiua tarehe 19 Julai 1898. Nikamwandikia, "Umejuaje, mdogo wangu?" Akajibu, "Notisi, kaka." Nikamwomba Jumamosi aende Kalenga kwa bibi na simu yake, amwamkie vizuri, arekodi. Amenitumia dakika 11, jogoo wanawika nyuma. Nimemwambia aandike bibi aliyasikia kwa nani na wapi, aweke ya sajini pembeni yake, halafu chini aandike anavyoona yeye, kwa Kiswahili kwanza. Rasimu kaniahidi Jumapili.