Hadithi sio za chekechea tu

Naanza na ugomvi kabisa. Sisi wazazi tunaosomeshea watoto nyumbani tuna kaugonjwa kamoja: mtoto akiwa na miaka sita tunamsomea hadithi, tunamwacha achore, aulize maswali mpaka achoke mwenyewe, alafu akishavuka umri wa la saba tu tunabadilika, tunakuwa wakali kuliko hata walimu wa shule tulizozikimbia, shika kijitabu, jaza nafasi, fanya pasti pepa, hadithi waachie wadogo zako. Mi naona ni kinyume. Mtaala wa upole, ule unaotembea kwa vitabu vya kusoma na kusimulia badala ya maswali ya kujaza, anauhitaji zaidi mtoto wa miaka 13 kuliko wa miaka sita. Na nikisema upole simaanishi mteremko, tutafika huko.

Sisi tuko hapa Dodoma, upande wa Nzuguni. Kazi ya baba yao ni ya barabara, leo Singida kesho Kondoa keshokutwa hajulikani, ndo sababu kubwa ya kusomesha nyumbani, sio kuringa kama wifi yangu anavyodhani. Wakubwa ni binti wa miaka 15 na kijana wa 13. Walikuwa wanatumia ule mtaala wa vijitabu vya kuagiza nje, mtoto anasoma ukurasa, anajaza, anasahihisha, anafaulu, anaenda kijitabu kinachofuata. Siupondi, kwa mtoto wa darasa la tatu unamfundisha kutulia na kumaliza kazi yake. Ila kwa mkubwa unamfundisha kuwinda jibu. Binti alikuwa anaanza na swali kwanza, anarudi kwenye aya kutafuta neno linalofanana nalo, ananakili, kwisha kazi, alama tisini na kitu. Jioni ukimuuliza mwanangu leo umesoma nini, "maarifa ya jamii". Ya kuhusu nini? Kimya. Anacheka, na mimi nacheka, ila moyoni najua hapa hamna kitu.

Njia tuliyohamia sio mpya hata kidogo. Ina mizizi kwa mwalimu mmoja Mwingereza, Charlotte Mason, aliyefariki mwaka 1923, yeye alikuwa anataka mtoto apewe vitabu vilivyoandikwa na mtu anayelipenda jambo lake, sio vile vya kufupisha fupisha vyenye pointi tano. Utaratibu wenyewe ni rahisi kuueleza: sura inasomwa mara moja, mara moja tu, kitabu kinafungwa, alafu mtoto anasimulia alichosoma kwa maneno yake mwenyewe, mdogo kwa mdomo, mkubwa zaidi kwa kuandika. Vipindi ni vifupi, wadogo kama dakika 20 hivi na wakubwa wasizidi 45. Kuna watu wakisikia Mwingereza wanasema ah hayo mambo ya watoto wa kishua, sio kweli, mwaka 1914 njia hiyo hiyo ilikuwa inatumika kwenye shule ya kijiji cha wachimba makaa ya mawe kule Yorkshire. Na tukiwa wakweli, kukaa ukasikiliza alafu ukasimulia upya, mabibi zetu walitulea hivyo hivyo bila kuagiza kitu nje.

Sasa ule mteremko. Jamani hakuna mteremko! Mtoto aliyekuwa anapata tisini kwenye kujaza nafasi ukimwambia funga kitabu nisimulie, anakwama sentensi ya pili. Binti yangu alifika mahali akalia kabisa, "Mama si uniulize tu swali nijibu." Hiyo sentensi nimeitafakari sana. Yaani mtoto anaomba swali kwa sababu swali lina nusu ya jibu ndani yake. Kwenye kusimulia hamna pa kuchungulia, inabidi wewe mwenyewe uamue nini kilikuwa muhimu, kipi kilianza, nani alimfanyia nani nini na kwa nini. Mtu mzima mwenyewe jaribu leo, soma habari moja ndefu kwenye simu alafu mwelezee jirani bila kurudi kuangalia, utajionea.

Kitabu kilichotutoa hapo tulipokwama ni Kuli cha Adam Shafi, cha mwaka 1979. Kijana hakukitaka, jalada lenyewe halina hata rangi za maana, nikamwambia sura mbili tu alafu utaamua. Kinahusu wachukuzi wa bandarini Zanzibar mpaka kwenye mgomo wa 1948. Sasa siku anasimulia, huku anaosha pikipiki ya baba yake, akasimama na kitambaa mkononi, "Mama, kwani Dar bandarini wao walikuwa wanalipwa vizuri?" Hilo swali hakuna kijitabu kingemuuliza. Tukaenda kutafuta, tukakuta Dar nako makuli waligoma 1947, mwaka mmoja kabla, na mgomo ukasambaa mpaka mikoa ya ndani huko. Akakaa na hayo mambo wiki nzima, akatafuta ramani, akataka kujua vyama vya wafanyakazi ni nini, kwa nini mkoloni aliviogopa, na dada yake naye akaingia ubishi ukawa mkubwa mpaka mezani tukaomba mada ifungwe tule. Hapo umepata historia, uraia, jiografia na Kiswahili ndani ya riwaya moja, na hakuna aliyehisi anafundishwa.

Linganisha na mpwa wangu aliyekuja likizo, yuko kidato cha nne, bweni. Mtoto ana akili ile mbaya. Kaja na kitini cha uchambuzi, dhamira zote kazikariri, ujumbe, migogoro, ufaafu wa jina la kitabu, anakutajia kama mashine. Nikamuuliza, mwanangu, hiyo riwaya yenyewe ulionaje ile sehemu ya mwisho? Akaniambia "Shangazi, kitabu chenyewe sijakiona, shuleni nakala zipo chache, tunasoma notisi." Sikumlaumu na simlaumu mwalimu wake, darasa limejaa na mtihani unakuja. Ila inaniuma, maana huyo mtoto atafaulu fasihi bila kuwahi kusoma hadithi, na mimi niliye nyumbani na uhuru wangu wote nikamfanyie mwanangu hivyo hivyo, ya nini?

Alafu hapa kanda ya kati tumekalia utajiri hatuuoni. Tulisoma habari za ule mradi wa karanga wa Waingereza pale Kongwa, nilichapa makala steshenari karatasi kibao maana kitabu kimoja kizuri cha Kiswahili juu yake sikukipata. Wakaanza 1947, wakaleta matrekta, mengine yametengenezwa kutokana na vifaru vya vita, mvua zikagoma, udongo ukikauka unakuwa mgumu kama saruji karanga hazichimbiki, 1951 wakafunga virago. Baadaye tukaenda Kongwa wenyewe. Kijana akainama akaushika ule udongo akaanza kuusugua vidoleni, nikajua hapa somo limeingia. Na ni Kongwa hiyo hiyo miaka ya 1960 wapigania uhuru wa kusini walikuwa na kambi zao, FRELIMO ya Msumbiji, SWAPO ya Namibia, ANC ya Afrika Kusini, kwa hiyo safari moja ikazaa mada ya muhula mzima. Michoro ya mapangoni Kondoa, ile iliyoingia urithi wa dunia 2006, bado inatusubiri, baba yao akipangiwa tena kazi upande huo tutadandia.

Hisabati? Hisabati haisimuliwi, nisiwadanganye. Kuna wazazi wakishalewa na haya mambo ya vitabu wanataka hata aljebra ifundishwe kwa hadithi, hapana, hapo tumebaki na kitabu cha kiada, mazoezi kila siku, na kuna kijana wa UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, anakuja kuwasaidia maana mimi logarithimu zilishaniaga zamani. Fizikia na kemia hivyo hivyo. Kiada karibu vyote unaweza kuvisoma kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, bando lako tu.

Swali ambalo haliishi kwenye vikao vya ukoo ni la vyeti. Shangazi yao alinibana jikoni, "Sasa wifi hao watoto cheti watapewa kwa kusoma riwaya?" Nikamwambia dada, watafanya QT, ule Mtihani wa Maarifa, wakifaulu wanafanya kidato cha nne kama watahiniwa wa kujitegemea, Baraza la Mitihani, NECTA, ndo hilo hilo na maswali ndo hayo hayo. Mwaka wa kuelekea mtihani tutazifungua pasti pepa na tutazifanya haswa, sina ubishi na mtihani, nina ubishi na kuufanya mtihani uwe ndo masomo yenyewe kuanzia miaka 12. Na kwenye mtihani wa historia kuna insha, sasa mtoto aliyezoea kuandika masimulizi ya ukurasa mzima bila kitabu mbele yake ataogopa insha gani?

Lugha ndo naona ngumu zaidi kuliko vyeti. Mitihani mingi ya sekondari ni Kiingereza, vitabu vinavyowagusa hawa watoto vingi ni vya Kiswahili. Tumeamua hivi: siku zingine wanasoma Kiswahili wanaandika masimulizi kwa Kiingereza, siku zingine kinyume. Kijana ananung'unika, Kiingereza chake bado kinachechemea, ila sa hivi anapambana kusema kitu ambacho kweli anacho kichwani, zamani alikuwa anapambana na nafasi iliyoachwa wazi.

Muhula ujao nataka tuingie Ukerewe, kile kisiwa cha Ziwa Victoria, na mwandishi wa huko Aniceti Kitereza, lile libuku lake la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Mzee alimaliza kuliandika kwa Kikerewe 1945, wachapishaji wakamzungusha weee, mpaka likatoka kwa Kiswahili 1980. Limejaa dawa za miti shamba, uvuvi, pombe ya ndizi, ukweni, kila kitu, binti anayependa baiolojia atakaa nalo. Shida ni nakala. Maktaba ya mkoa nitarudi tena kuangalia, wauza vitabu vya mitumba nimeshawapa oda, na kama kuna mtu Dodoma hapa analo ndani linakula vumbi, mi nina riwaya za upelelezi za Bwana Msa tatu tumeshazimaliza, tubadilishane.