Mvua ya Normandy haina adabu

Jamani nani alisema mwezi wa sita Ulaya ni kiangazi? Nimelipia tua ya siku nzima ya fukwe za Vita vya Pili vya Dunia kule Normandy, Ufaransa, na tangu asubuhi ni mvua ya ubavuni, ile inatoka baharini inakupiga shavuni kama kofi, mwavuli umegeuka bakuli palepale ufukwe wa Omaha nikabaki nimeshika fimbo tu. Mtembeza wageni anacheka, eti ndo hali halisi hiyo, hata Jenerali Eisenhower, kamanda wa majeshi ya Washirika, mwaka 1944 aliahirisha uvamizi wa fukwe hizi siku moja, kutoka tarehe 5 Juni mpaka 6, sababu ya hali ya hewa. Sawa kaka, yeye si aliahirisha! Nyie nimewaomba siku nyingine mkasema hela hairudi.

Arromanches, mabaki ya ile bandari ya muda ya zege ya Waingereza ya wakati wa vita sijayaona, ukungu mtupu, naonyeshwa kidole tu "ipo pale". Makaburini Colleville, walikozikwa wanajeshi wa Marekani, ndo nilinyamaza, makaburi zaidi ya 9,000, misalaba myeupe inachuruzika maji... halafu jamaa nyuma yangu anafungua pakiti ya krips, kracha kracha.

Soksi ziko juu ya hita hotelini, zinanuka dagaa.