Mmemsahau roboti wa zebaki

Makala yenu ya roboti wa filamu inasema vijana wa Moshi hatuna habari na filamu za kubuni za kisayansi. Jamani! Sisi wa Majengo tumekulia kwenye kibanda umiza, yaani banda la kuonyeshea video. Terminator 2 ya James Cameron, ile ya 1991, nimeiangalia hadi mkanda ukachoka, picha inaruka ovyo. Yule roboti wa chuma cha majimaji anapenya katikati ya nondo za mlango kama uji, halafu bastola inakwama! Anageuza mkono kidogo, ndipo inapita. Mtafsiri wetu wa kibandani, anayeitafsiri filamu papo hapo, akadakia, "Bastola haijasomea hayo mambo!" Kibanda kizima hoi.  Kwa roboti wa filamu, namba moja wangu ni huyo wa zebaki.