Mlima wa Chunya na hali ya hewa yake
Jamani mnaopanda baiskeli barabara ya Mbeya–Chunya, hivi nyie mnavaaga nini? Maana Mbeya mjini, mita kama 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, unaondoka jua linawaka, unaanza kupanda jasho linakutoka koti umelifunga kiunoni, ukikaribia Kawetire kule juu mlimani ukungu huo, mara manyunyu, mara mvua yenyewe, na lile jasho lote linageuka barafu mgongoni. Najua hewa ikisukumwa juu na mlima inapoa ndo mawingu yanajazana, sawa, lakini si yangoje basi nimalize hata kona! Bonde la Usangu watu wanalisifia ukiwa kule juu, mi naona tairi langu la mbele tu.

Kupanda bado afadhali. Kushuka ndo balaa. Rimu zimelowa, unabana breki haishiki, mpira wa breki mpaka ufute maji kwanza ndo ukamate, vidole vimekufa ganzi hujui umebana au hujabana, halafu nyuma linakuja fuso ndani ya ukungu limezima taa, sijui dereva anaogopa betri itaisha. Washa taa kaka!

Na Chunya ukifika, joto na vumbi, watu wanakushangaa koti linachuruzika.