Kimya Alivyotukusanyia Watu

Simu iliingia saa tano na robo asubuhi nikiwa kazini. Mpigaji alikuwa jirani wa mlango wa pili, mtu ambaye kwa miaka minne tumekuwa tukisalimiana kwa kutikisa vichwa tu. Sikujua hata kama ana namba yangu.

"Jirani, uko wapi?"

"Kazini. Kuna nini?"

"Wewe rudi nyumbani."

"Kuna nini lakini?"

"Rudi tu, jirani. Jikaze. Sisi wote tuko hapa."

Mtu akikwambia ujikaze bila kusema kwa nini, tayari ameshasema. Nyuma ya sauti yake nilisikia kundi la watu wakinong'ona, na nyuma ya minong'ono nikasikia kilio: kirefu, kinapanda, kinakatika katikati, kisha kinashuka taratibu kama mtu aliyeishiwa nguvu. Nikampigia mke wangu. Simu inaita, haipokelewi. Nikapiga tena mara sita. Hapo magoti yakaanza kufanya kazi zao wenyewe bila kuniuliza.

Lakini kabla sijafika nyumbani, inabidi nikurudishe nyuma miezi saba, maana msiba huu niliununua mwenyewe.

Tunaishi ghorofa ya nne, kwenye jengo ambalo kuta zake ni nyembamba kiasi kwamba jirani akipiga chafya, wewe ndiye unayetafuta kitambaa. Mke wangu ni muuguzi, mara nyingi zamu zake ni za usiku, kwa hiyo kwetu mchana ndio usiku. Mtoto wetu alipoanza kudai mbwa, mama yake alitoa masharti matatu tu: asibweke, asiwe mkubwa, asinuke. Nadhani alitegemea nikose mbwa wa namna hiyo tuishie kwenye samaki.

Mimi ni mtu wa utafiti. Nilikesha kwenye intaneti siku tatu, na usiku wa tatu nikampata: Basenji. Urefu wake mabegani ni kama sentimita 40, uzito kilo 10 au 11. Anajilamba mwili mzima kama paka, na harufu ya mbwa karibu hana. Na hapo kwenye mstari wa kwanza kabisa, kwa herufi nene: mbwa asiyebweka. Niliona kama mke wangu ndiye aliyemtungia sifa.

Kulikuwa na maelezo mengine chini yake. Nayo niliyasoma, lakini kwa jinsi unavyosoma maandishi madogo nyuma ya tiketi. Kwamba asili yake ni misitu ya Kongo. Kwamba kule wawindaji humtumia kukurupusha wanyama na kuwaswaga hadi kwenye nyavu, na kwa kuwa habweki, humfunga kengele ya mti shingoni ili wajue yuko wapi. Mtu mwenye akili hapo angejiuliza: mbwa wa kukimbizana na swala tangu alfajiri, nikimweka sebuleni, atakimbizana na nini? Mimi nilichoona ni kimoja tu. Mbwa mtulivu mpaka anafungwa kengele!

Mama mkwe ndiye aliyekuwa wa kwanza kuonyesha wasiwasi, kwa simu.

"Mmechukua mbwa wa aina gani, baba?"

"Basenji, mama."

"Washenzi?"

"Basenji, mama. Ba-se-nji."

"Ndiyo nimesikia. Sasa kwa nini mchukue mshenzi, na wapole wapo?"

Nilicheka. Baadaye nikaja kugundua kwamba hakukosea sana: jina hilo la huko Kongo na neno letu "washenzi" ni ndugu, yaani wa porini. Mama mkwe alikuwa ametafsiri pale pale, bila intaneti.

Tukamleta nyumbani akiwa na wiki 10, mwekundu mwenye soksi nyeupe, mkia umejikunja kama kibanio cha nywele, paji la uso lina mikunjo kama mhasibu mwishoni mwa mwezi. Mtoto alitaka jina la kishujaa. Mimi, kwa ushindi wangu wa utafiti, nikampa jina la Kimya.

Sikupendekezi umpe mbwa jina hilo. Siku ya kwanza alichomoka mlangoni nikamfuata nikipaza sauti kwenye ngazi, "Kimya! Kimya wewe! Kimya!" Mlango wa ghorofa ya tatu ukafunguka, mzee mmoja akatoa kichwa na kusema kwa unyonge, "Mimi sijasema kitu."

Miezi iliyofuata ilikuwa ya meno. Mtoto wa mbwa ana meno 28 ya utotoni, kisha hung'oka na kupishwa na ya ukubwani 42, na naapa kila moja kati ya hayo 70 lilifanyiwa majaribio kwenye viatu vyangu. Lakini kelele? Hakuna. Akifurahi alitoa kasauti kafupi ka ajabu, kama mtu anayeanza wimbo kisha anasahau maneno. Tulikapenda. Mtoto alikarekodi akawapelekea marafiki.

Daktari wa mifugo alijaribu kunionya. Tulipompeleka kukamilisha chanjo, aliniuliza, "Mchana anabaki na nani?"

"Na mke wangu."

"Mke wako mchana anafanya nini?"

"Analala."

Akaniangalia kwa muda, kisha akasema mbwa huyu anahitaji kutembezwa asubuhi na jioni, kutembezwa hasa, si kupelekwa kwenye nyasi akarudishwa. Na kwamba afundishwe kubaki peke yake taratibu, leo dakika tano, kesho kumi, asije akashtukizwa siku moja. Nilitikisa kichwa kwa heshima zote, kama mtu anayetafuta mlango wa kutokea.

Basi, siku ya tukio kulikuwa na mvua. Basenji hapendi maji, mimi sipendi mvua, tukakubaliana kwa macho kwamba matembezi ya asubuhi yaahirishwe. Nikaenda kazini, mtoto akaenda shule. Mke wangu akarudi kutoka zamu ya saa kumi na mbili, amechoka hadi kivuli chake kinasinzia, akakuta Kimya amemaliza ndala yake ya kushoto. Kwa kawaida wanalala chumba kimoja, mbwa miguuni. Siku hiyo akamwacha sebuleni kama adhabu, akafunga mlango wa chumbani, akaziba masikio kwa pamba, akaizima simu sauti, akazama.

Kimya, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akawa peke yake. Akafungua kinywa.

Daktari alinieleza baadaye kwamba koo la Basenji lina umbo tofauti na la mbwa wengine, ndiyo maana habweki. Lakini anaomboleza. Wale wataalamu wangu wa intaneti hawakudanganya hata neno: waliandika habweki, hawakuandika yuko kimya. Hilo la kimya niliongeza mwenyewe.

Majirani walijua tuna mbwa. Lakini mbwa, kwa wanavyofahamu watu wote duniani, husema "bwe". Hiki kilikuwa kilio cha mwanamke mzima. Wakaja wawili, wakagonga. Kimya aliposikia watu mlangoni akapandisha sauti.

"Dada, fungua! Kuna nini?"

Kilio.

"Dada, nani amefariki?"

Kilio kirefu zaidi.

Yule mzee wa ghorofa ya tatu, ambaye kwa umri wake ndiye aliyegeuka mshauri wa tukio, alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, akatoa uamuzi: "Huyo amefiwa na mtu wa karibu sana. Kilio cha shemeji hakifiki hapo." Wakaitana. Nusu ya jengo ikapanda. Hapo ndipo nilipopigiwa simu.

Kisha ndani kukawa shwari ghafla. Mimi nafahamu sasa kwamba Kimya alikuwa ameikumbuka ndala ya kulia. Wao wakaelewa vingine: amezirai. Kijana wa ghorofa ya tano, mnyanyua vyuma, akaambiwa muda wake umefika. Alipiga mlango kwa bega mara tatu. Mara ya tatu ukang'oka na bawaba zake.

Mke wangu hakusikia chochote, ila kitanda kilitikisika. Akatoka chumbani kuangalia. Amejifunika shuka jeupe kuanzia kichwani. Pamba masikioni.

Sikuwepo, lakini nimesimuliwa na watu wanne, na wote wanne wanasema wao hawakukimbia.

Ndipo nilipoingia mimi kwenye jengo, jasho limenitoka, machozi yako njiani. Ngazi zimejaa: wanaopanda wanauliza, wanaoshuka hawajibu, mama mmoja analia kwa sauti bila kujua analilia nani. Katikati ya miguu yao akachomoka paka wa yule mzee, na nyuma ya paka, soksi nyeupe, mkia wa kibanio. Wakapita katikati ya miguu yangu. Nikageuka nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote:

"Kimya! Kimyaaa!"

Ngazi nzima ikanyamaza. Hata yule mama aliacha kulia katikati ya pumzi. Mzee wa ghorofa ya tatu akainua mkono akasema, "Mwenye msiba amefika. Tumsikilize."

Sikuwa na hotuba. Nilikimbia uani, nao wakanifuata, nadhani kwa mazoea ya msafara. Paka alikuwa kileleni mwa mti, na kwenye tawi la pili kutoka chini, Kimya. Ndiyo, wanapanda. Hilo nalo lilikuwa kwenye maandishi madogo. Kushuka ndiko hakukumbuka. Akatutazama sote pale chini, akainua pua juu, akaachia kile kilio, chote, tangu mwanzo hadi kuishiwa nguvu.

Watu wakatazama mti. Wakatazamana. Wakanitazama mimi. Mke wangu alikuwa amefika na shuka lake, akiondoa pamba ya sikio la kwanza.

"Kumbe," akasema mzee, "mfiwa mwenyewe ndiye huyu."

Mlango nilitengeneza kwa fedha zangu, na radhi niliomba ghorofa kwa ghorofa. Siku hizi saa kumi na moja alfajiri tuko barabarani, mvua isiwe mvua. Ikinyesha, Kimya ananiangalia kama mimi ndiye niliyeiagiza. Chakula cha asubuhi nakificha kwenye mpira wenye matundu, akiwinde mwenyewe punje kwa punje, na hiyo inamchukua karibu saa nzima. Zile dakika tano, kumi, kumi na tano za daktari tumezianza upya kwa adabu; tumefika arobaini. Mchana analala miguuni pa mke wangu, ndala zikiwa juu ya kabati. Na shingoni ana kengele ya mti, nimemchongea mimi. Wale wawindaji walijua wanachofanya.

Kijana wa ghorofa ya tano bado ananisalimia kwa mkono wa kushoto. Kuhusu yule mzee, kila nikimwita mbwa kwenye ngazi, mlango wake hufunguka kidogo, na sauti inatoka ndani:

"Tunakusikiliza, mwenye msiba."