Jina likikatwa na chama, huku na kwetu

Julai 2025 jirani yangu alirudi nyumbani sauti imemkauka. Alikuwa ameshinda ndani ya ukumbi wa Target Center hapa Minneapolis, Marekani, akiwa mjumbe katika mkutano wa DFL, yaani chama cha Democratic kama kinavyojulikana katika jimbo la Minnesota. Walikwenda kuamua chama kimuunge mkono nani kwenye umeya wa jiji. Kwa kanuni zao mgombea anahitaji asilimia 60 ya kura za wajumbe, na asipopatikana wa kuzifikisha, chama hakimuungi mkono mtu. Siku ile aliyeungwa mkono alikuwa Omar Fateh, seneta wa jimbo na mtoto wa wahamiaji wa Kisomali. Meya aliyekuwa madarakani, Jacob Frey, akatoka mikono mitupu.

Nikamuuliza swali la Kitanzania kabisa: "Kwa hiyo Frey ndiyo basi tena?" Hakunielewa. Nikalirudia kwa njia nyingine, kwamba si jina lake limekatwa, yaani chama kimemwondoa asigombee? Akanitazama. Nani alikate? Jina la Frey litakuwepo kwenye karatasi ya kura, akasema, kama la mtu mwingine yeyote aliyejiandikisha kugombea.

Mwezi uliofuata mambo yakageuka. Uongozi wa chama ngazi ya jimbo ulikagua upigaji kura wa mkutano ule, ukakuta kasoro kubwa, ukafuta uamuzi wa kumuunga mkono Fateh. Wafuasi wake walikasirika sana, na nadhani walikuwa na haki ya kukasirika. Lakini naye jina lake lilibaki. Novemba 4 wapiga kura waliwakuta wote wawili kwenye karatasi, pamoja na wengine, na katika jiji hili mpiga kura anaruhusiwa kupanga wagombea hadi watatu kwa kadiri anavyowapenda. Frey alishinda baada ya kura kuhesabiwa raundi ya pili, akivuka nusu kwa kiasi kidogo sana. Fateh akawa wa pili.

Nimeishi huku miaka mingi na yako mengi ninayoyaona afadhali yabaki hukuhuku. Hili la karatasi ya kura nalionea wivu.

Baba yangu mdogo aligombea uenyekiti wa mtaa mwaka 2014. Chama chake sitakitaja, kwa sababu yaliyompata yamewapata watu wa vyama vingi. Kwenye kura za maoni aliongoza, na aliongoza kwa mbali. Yeye ndiye aliyekuwa akiamshwa usiku mtu akiugua, ndiye aliyesuluhisha ugomvi wa mipaka kabla haujafika baraza la ardhi, bila cheo chochote. Majina yakapelekwa kwenye vikao vya juu. Tukasubiri. Kila anayekuja nyumbani swali ni moja: jina limerudi? Halikurudi. Lilirudi la mtu aliyeshika nafasi ya tatu. Baba mdogo hakuelezwa sababu, si kwa barua wala kwa mdomo, na siku ya uchaguzi alipanga foleni kama sisi wengine, akapiga kura, akarudi kukaa kivulini.

Marafiki walimshauri ahamie chama kingine upesi kabla fomu hazijafungwa. Alikataa. Kwake kuhama chama kwa sababu ya cheo ni sawa na kuhama nyumba kwa sababu umekosa kiti cha mbele. Njia ya tatu haikuwepo, kwa sababu kwetu huwezi kugombea hata kitongoji bila kuwa mwanachama wa chama na kudhaminiwa nacho.

Watu wengi huku hawaamini ninapowaeleza hilo. Mchungaji Christopher Mtikila, mwanasiasa wa upinzani, alilipigania mahakamani miaka ishirini. Mwaka 1994 Mahakama Kuu ilimpa haki, na Katiba ikabadilishwa ili kuufunga mlango ule ule. Akarudi, akashinda tena mwaka 2006. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema suala hilo ni la kisiasa, liachiwe Bunge. Akaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, na Juni 2013 ikaamua kwamba kumzuia mtu kugombea bila chama ni kuvunja haki zake. Mchungaji alifariki mwaka 2015. Rasimu ya Katiba Mpya iliyoandikwa na Tume ya Jaji Warioba ilikuwa imemruhusu mgombea huru, yaani asiye na chama, lakini Katiba Mpya yenyewe tunaifahamu ilipokwama.

Kwa ubunge na urais naweza kuelewa, kwa shida, hoja ya wanaosema chama ni lazima, maana kule kuna sera za nchi na serikali ya kuunda. Mwenyekiti wa mtaa ana sera gani ya kitaifa? Anaandika barua ya utambulisho, anagonga mhuri, anashuhudia watu wakiuziana kiwanja, anaita mkutano kuhusu taka na ulinzi. Kinachotakiwa pale ni mtu mnayemwamini, na anayejua kama anaaminika ni jirani yake, si kikao cha wilaya.

Mlango ukiwa mmoja, anayeushika anakuwa na nguvu kuliko mpiga kura. Mwaka 2019 wagombea wengi wa upinzani walienguliwa kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa kwa madai ya kasoro za fomu, vyama vikubwa vya upinzani vikajitoa, na sehemu nyingi za nchi watu wakapata viongozi waliopita bila kupingwa. Mwaka 2024, kwa matokeo yaliyotangazwa, chama tawala kilipata zaidi ya asilimia 98. Katika hali hiyo uchaguzi wenyewe umeshamalizika ndani ya vikao, na wanaoamua ni wajumbe wachache. Ule msemo wa 2020 kwamba wajumbe si watu ulisambaa kwa sababu kila ukoo ulikuwa na mtu wake aliyeumizwa nao. Mimi siwalaumu wao peke yao. Mjumbe ambaye kura yake inatosha kumpa mtu ofisi lazima atafuatwa usiku.

Sisemi wenzetu huku wamemaliza. Mkutano wa kutwa nzima unamfaa mwenye nafasi. Mimi na Waafrika wenzangu wengi tunafanya zamu za usiku kwenye nyumba za wazee, na wapo wenye uraia na kura zao ambao hawajawahi kukanyaga mkutano wa chama. Kwenye jiji ambalo chama kimoja kina wafuasi wengi kiasi hiki, kuungwa mkono nacho ni mtaji mkubwa: watu wa kubisha hodi nyumba kwa nyumba, na jina kwenye karatasi ya mfano ambayo wengi huishika mkononi wakienda kupiga kura. Hata hivyo wapo wanaoshinda bila mtaji huo. Mwaka 2013 chama hakikufikia uamuzi wa nani awe meya, wagombea 35 wakajitokeza, Betsy Hodges akashinda. Chama hapa kinamnong'oneza mpiga kura. Mpiga kura akitaka anasikia, asipotaka anapita.

Mimi bado sina kura huku, na sheria ya kwetu haijaniwekea njia ya kupiga kura nikiwa nje. Labda ndiyo sababu jambo hili linaniuma hivi.

Baada ya uchaguzi wa Novemba nilimpigia simu baba mdogo, nikamsimulia habari ya Fateh toka mwanzo. Alisikiliza kimya.

"Chama kikamkana, na jina halikuondolewa?"

"Halikuondolewa, baba."

"Alipata ngapi?"

Nikamwambia, kama asilimia 44 kwenye hesabu ya mwisho.

Akakaa kidogo. "Basi yeye amejua," akasema. "Mimi watu wa mtaa wangu sijui wangenipa ngapi."