Bei ya Chakula cha Meneja, Njoo DM

Jamani naomba nianze kwa kusema mi sio mtu wa mbwa. Kwetu mbwa alikuwa analala chini ya mwembe, anakula ukoko wa ugali uliobaki kwenye sufuria, siku ya sikukuu anapata mfupa, na sikuwahi kusikia mtu nyumbani anauliza mbwa kaamkaje. Sasa mimi, mtoto wa baba yule yule, saa sita ya usiku niko kitandani nimepunguza mwanga wa simu ili mama Juni asiamke, nasoma asilimia za protini.

Chanzo ni shemeji. Alihamishiwa Mwanza kikazi, akaja na mbwa kwenye gari, "shem nakuachia wiki mbili tu nikatafute nyumba yenye geti." Wiki mbili hizo zina miezi minane sasa. Mbwa mwenyewe anaitwa Meneja, sijui shemeji alikuwa na ugomvi gani ofisini kwao, sikuuliza. Baba yake ni shepadi wa Kijerumani, mama yake ni mtu wa Kimara tu, ndo maana sikio moja limesimama kiubabani na lingine limelala kiumamani. Na aliachwa na maagizo kabisa, Meneja hali ugali, Meneja anakula chakula kikavu cha mfuko, vikombe viwili asubuhi viwili jioni, yaani kama ameandikiwa na daktari.

Mfuko aliokuja nao ukaisha, shemeji akatuma hela ya mfuko mmoja, baada ya hapo akawa anatuma emoji za mikono imekunjwa. Mwezi huu nikasema mi siendi tena mpaka Masaki kufuata chakula cha mbwa, kutoka huku Goba na foleni ile unarudi umezeeka, si tuko zama za mtandao, naagiza, naletewa mlangoni, kwisha.

Kwisha wapi.

Kwanza bei hamna. Unaingia kwenye ukurasa wa muuzaji, unakuta picha ya mfuko, mbwa wa kizungu anacheka, chini watu arobaini wanauliza bei, na wote arobaini wamejibiwa "mpendwa karibu DM upate bei." Nimezihesabu hizo herufi, ni 23. Bei yenyewe ni tarakimu sita. Yaani mtu anaona ni afadhali aandike herufi 23 mara arobaini kuliko aandike tarakimu sita mara moja, halafu jioni anapost eti biashara ngumu. Enzi za Jumia hapa kwetu, kabla hawajafunga Tanzania mwaka 2019, angalau bei ulikuwa unaiona kwenye skrini, unakasirika peke yako, unafunga simu unalala. Sasa hivi ili ukasirike lazima kwanza usalimiane na mtu.

Basi nikaenda DM. "Habari, bei ya mfuko mkubwa?" Kimya. Siku ya pili, "Karibu boss." Nikarudia swali. Siku ya tatu, "Uko wapi boss?" Ndugu zangu hapo mjue mnapimwa. Mwingine alinitajia 125,000, nikachukua simu ya mama Juni nikamuuliza mtu yule yule, mfuko ule ule, akasema 118,000. Nikakaa nikafikiria nimekosea wapi, kumbe picha yangu ya profaili ni ile niliyopiga kwenye harusi ya Mbezi nimeegemea V8 ya watu. Ile V8 imenigharimu elfu saba na hata siti yake sijawahi kukalia.

Nikasema hapa bila hesabu naibiwa. Nikachukua daftari la Juni la Hisabati, nikageuza kurasa za nyuma, nikachora jedwali, muuzaji, kilo, bei, hela ya boda, na safu ya mwisho bei kwa kilo, maana hiyo ndo haidanganyi, mifuko inakuja ya kilo 3, ya 8, ya 15, ya 20, na kila mtu anakwambia wake ndo wa bei poa.

Wa kwanza, kilo 20 kwa 165,000, boda mpaka Goba 15,000, jumla 180,000, gawanya, kilo 9,000.

Wa pili ni yule wa 118,000, kilo 15, ameandika kwa herufi kubwa USAFIRI BURE halafu chini, kwa herufi za kuandikia masharti ya bahati nasibu, "Masaki, Oysterbay na Mikocheni." Yaani wenye magari yao ndo wanaletewa bure. Goba 12,000. Jumla 130,000, kilo inakuja 8,667 hivi.

Wa tatu nilimpenda sana kwa dakika nne. Mfuko mkubwa pichani, mrefu kumpita mtoto aliyesimama pembeni yake, 29,000. Nikasema huyu ndugu kaokoka. Kuuliza, "Boss hiyo ni ya kilo 3, picha ni ya mfano." Mfano wa nini? Ukiongeza boda elfu kumi unakuta umenunua kilo kwa 13,000, bei ambayo mimi mwenyewe nyama ya ng'ombe naifikiria mara mbili.

Wa nne anapima. Elfu saba kilo, unataka ngapi, anakufungia kwenye mfuko wa nailoni unaoonesha ndani, ile ile mifuko iliyopigwa marufuku Juni mosi 2019, sijui anaifukua wapi. Ukichukua kilo kumi na boda unapata 8,000 kwa kilo, kwenye daftari ndo bingwa. Nikamuuliza inaisha muda lini. Akajibu, "Boss hii haijawahi kuharibika." Nikamuuliza inaitwaje. "Ya mbwa." Sasa mi nimeshasoma usiku kucha, najua chakula kile kina mafuta, mfuko ukishafunguliwa hewa inaingia mafuta yanaanza kuchacha taratibu, na hilo gunia lake nani anajua limefunguliwa tangu awamu ya ngapi. Nikamkata bingwa kwa kalamu nyekundu.

Na wote, wote kabisa, ukikubali bei wanamalizia na sentensi moja, "weka na ya kutolea boss." Hiyo safu sikuwa nayo kwenye jedwali. Nikaongeza.

Jumatatu Juni akarudi na daftari. Mwalimu amesahihisha kila kitu, mpaka kurasa za nyuma. Kanipigia vema tatu, ile ya 8,667 kaizungushia kwa wino mwekundu, pembeni kaandika "Onesha njia."

Nikajaribu na nje ya nchi, si kwa kununua, kwa uchungu tu. Kuna duka la mtandaoni Marekani linaitwa Chewy, wanauza vitu vya mbwa na paka, unaagiza mara moja unaweka kila mwezi waje wenyewe, na wana sifa moja iliyoniliza, mteja mbwa wake akifa wamewahi kumtumia maua. Maua! Na kadi ya pole! Huku kwetu muuzaji ukimwambia mbwa amekufa atakuuliza kwa hiyo ile oda unaendelea nayo au vipi.

Sasa wakati nafanya utafiti wote huu, siku ya tisa hiyo, swali ni Meneja alikuwa anakula nini. Naomba hili lisifike Mwanza. Alikuwa anakula dona na dagaa. Mama Juni alichoka kuniona na daftari, akasonga ugali, akachanganya na dagaa wa kuchemsha bila chumvi, akamwekea kwenye karai. Mimi kazi yangu ilikuwa kusimama mlangoni natoa ushauri wa kitaalamu, usiweke vitunguu mama, vitunguu ni sumu kwa mbwa, na mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe inapasukapasuka vipande vyenye ncha. Akanijibu "Baba Juni, mimi vitunguu vyenyewe vya kwetu navihesabu." Meneja akala, akalamba karai, akalisukuma karai na pua mpaka kwenye geti akitafuta lililobaki. Manyoya yakaanza kung'aa. Nikakaa kimya kama mtu aliyeona maiti.

Lakini ahadi ni ahadi, shemeji kasema mfuko. Nikaamua huyu wa pili, wa 8,667, hesabu imepita mpaka kwa mwalimu. Namtumia meseji nataka kulipa, anajibu, "Boss ile imeisha jana, imebaki ya watoto." Ya watoto wa mbwa! Ina nguvu nyingi ya kukuzia, Meneja ana miaka minne, akikua zaidi ya hapo tutahama sisi. Nikarudi kwa yule wa kwanza, mnyonge kabisa, nikalipa 165,000 na ya kutolea, boda nitamalizana naye hapa.

Mama Juni alinikuta natazama ile meseji ya muamala.

"Hiyo laki na sitini ya nini?"

"Ya kaka yako."

"Kaka yangu kakuomba hela?"

"Hajaomba. Ndo tatizo lenyewe."

Nikampigia hesabu, Meneja anakula kama gramu 400 kwa siku, kwa bei ile ni 3,600, mimi asubuhi chapati mbili na chai ya rangi 1,500. Kumbe nilikuwa nadhani namuelewesha. Alichoelewa yeye ni kwamba kuanzia kesho chapati iwe moja.

Mzigo ulikuja Jumamosi. Nasema ulikuja lakini kati ya kuja na kufika kuna saa moja na nusu. Boda kapiga, "Mkubwa nimefika." Umefika wapi? "Hapa kwenye transfoma." Ndugu, Goba ina transfoma kila kona, ni kama kumwambia mtu tukutane kwenye vumbi. Pembeni yako kuna nini? "Kuna duka." Limeandikwaje? "Limefungwa." Kuna mtu hapo? "Kuna mama amekaa." Mpe simu. Mama akachukua simu, "Haloo, we nani?" Mama shikamoo, hapo ni wapi? "Marahaba, hapa Kinzudi mwanangu, huyu kijana anatafuta meneja, mnaajiri?" Maana kwenye oda muuzaji aliniuliza jina la mbwa, nikadhani ni mapenzi, kumbe ndo ameandika kwenye kifurushi, MZIGO WA MENEJA, GOBA NJIA NNE.

Alipofika getini akavua helmeti, akajifuta vumbi, akasimama wima. "Shikamoo mkuu. Naomba meneja asaini hapa." Nikamwonesha. Meneja alikuwa amelala chali kwenye kivuli, ulimi nje, sikio la umamani limemfunika jicho. Boda akamwangalia, akaniangalia mimi, akarudisha helmeti kichwani, akasema "Basi ongeza elfu mbili, nimezunguka sana." Ikawa 182,000. Nikaingia ndani nikasahihisha daftari, kilo 9,100.

Nikakaa na mfuko sebuleni nikausoma nyuma kama gazeti. Hivi mnajua yale maandishi ya viungo yanapangwa kwa uzito, kilichowekwa kingi zaidi ndo kinatajwa kwanza? Mi nilijua usiku wa nne. Sasa kiungo cha kwanza kwenye mfuko wangu ni mahindi. Mahindi! Nikarudia kusoma nikidhani labda ni jina la kitaalamu la kuku. Mahindi, halafu mabaki ya kuku yaliyosagwa, halafu orodha ya vitamini. Mama Juni akauliza kimeandikwa nini, nikasema kingereza kigumu. Ndugu zangu mimi nimeagiza dona. Dona lililovuka bahari, likapitia bandarini, likalipiwa boda na helmeti na ya kutolea, wakati lingine liko jikoni kwenye ndoo ya njano tangu wiki iliyopita.

Na hata kumpa huwezi kumpa moja kwa moja. Mbwa akibadilishiwa chakula ghafla tumbo linaasi, inatakiwa uchanganye kidogokidogo kama wiki moja hivi mpaka kumi, siku za mwanzo kikombe kimoja cha kipya na vitatu vya zamani. Chakula cha zamani ndo kile cha karai. Kwa hiyo napika ugali ili mbwa azoee kula mahindi. Siku ya kwanza alichambua, dona na dagaa akamaliza, punje za dukani akaziacha chini zimepangana kama kokoto za kumwaga jamvi. Siku ya pili akala zile zilizogusana na dagaa.

Jana jioni simu inaita, shemeji. "Shem, Mungu mkubwa, nimepata nyumba yenye geti huku Nyegezi, Jumamosi nakuja kumchukua Meneja. Natumai hujanunua mfuko mkubwa." Nikamwambia hapana shem, tunabangaizabangaiza tu. Sijui kwa nini nilisema vile. Akasema safi, maana huku nimeshamuwekea wa kilo 20, halafu akauliza Meneja anaendeleaje, nikamgeukia, alikuwa amelala na kichwa ndani ya karai.

Kwa hiyo wakuu, nina mfuko hapa sebuleni, kilo 20 kasoro vikombe viwili, haujachacha, kalamu nyekundu haijaupita. Picha nitaweka, na ni ya kwake kabisa sio ya mfano, mtoto aliyesimama pembeni ni Juni. Delivari Dar nzima, boda juu yako, weka na ya kutolea. Bei mpendwa karibu DM.